Kibomba cha Hakimu

Benchi la Mzee Buli, muuza kahawa, halina hati, lakini lina wenyewe. Ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kibanda cha cherehani, na mbele yake kuna jiko la kahawa. Asubuhi ile ya Jumapili benchi lilikuwa na shughuli. Fundi cherehani, ambaye kijiweni anaitwa Sindano, alikuwa ameitoa uani pikipiki ya mkewe, akaipandisha juu ya kreti mbili, akachomoa gurudumu la mbele na kulilaza kwenye gunia. Beringi zake zilikuwa zimekwisha. Sindano hakuwahi kubadilisha beringi maishani mwake, na kila aliyekaa pale alikuwa tayari kumfundisha, ingawa nao hawakuwahi.

Mkewe ni mkunga, na pikipiki hiyo ndiyo humfikisha kwa akina mama wanaojifungua. Alhamisi, katikati ya mteremko, gurudumu lilianza kumchezea, usukani ukatetemeka, nusura aende chini yeye na mkoba. Alifika nyumbani akaisimulia habari hiyo huku akicheka. Sindano hakucheka, na usiku ule hakulala. Fundi wa gereji alijaza upepo tu akasema liko sawa. Hapo ndipo Sindano alipoapa kulishughulikia mwenyewe, maana shingo itakayovunjika si ya fundi wa gereji. Saa nne mkewe alitakiwa kwa mama mwenye mimba ya pacha, chini ya mteremko uleule.

— Kwanza tujue zimekufaje, alisema Redio, fundi redio ambaye tangu mwaka uanze hajamrudishia mtu redio yake. Beringi haifi bure.

— Maji na vumbi, alisema Sindano.

— Hayo ni ya kuonekana kwa macho. Kinachoua beringi ni honi. Mtetemo unaingia kwenye goroli, goroli inachanganyikiwa.

Mzee Buli, huku akipepea jiko, akasema yeye analaumu breki. Chuma ukikizoesha mwendo halafu kila saa unakikatiza, mwisho kinakata tamaa kama binadamu.

Sindano aliwaacha na utabibu wao. Alipitisha nondo upande mmoja wa kitovu cha gurudumu, akaigonga beringi ya upande wa pili kidogo huku, kidogo kule, mpaka ikatoka. Pamoja nayo kikadondoka kibomba cha chuma, kirefu kama kidole, kimejaa grisi, kikaviringika hadi miguuni pa Hakimu. Hakimu ni karani mstaafu wa mahakama, na miaka yote ile aliyokaa chini ya mahakimu imemwachia hamu ya kitu cha kugongea meza. Alikiokota kile kibomba, akakifuta kwa gazeti, akakigonga kwenye ubao mara tatu.

— Utaratibu! Mmoja mmoja azungumze.

Kikawa na mlio mzuri. Hakimu hakukiweka chini tena, hata beringi ya pili ilipotolewa.

Beringi mpya zilikuwa zimelala kwenye barafu usiku kucha ili zinywee kidogo. Sasa kitovu chenyewe kilihitaji joto kitanuke, na moto pale ulikuwa mmoja tu. Sindano aliitazama birika ya kahawa, kisha akamtazama mwenye birika.

— Maji yangu ya mwisho haya, alisema Mzee Buli.

— Najua, mzee.

— Wajukuu wangu wote watano wamepokewa na mikono ya mkeo. Mimina.

Yakamiminwa yote, na harufu ya kahawa iliyobaki birikani ikapanda kutoka kwenye gurudumu. Sindano akapangusa haraka, akaiweka beringi mpya mahali pake, akaifunika kwa ile ya zamani ili nyundo ipige ukingo tu isiumize katikati. Hiyo aliielewa. Ni sawa na kupiga pasi hariri ikiwa chini ya kitambaa.

— Piga kwa nguvu, alishauri Redio. Samaki mkunje angali mbichi.

— Polepole, alisema Mzee Buli. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakimu akagonga kibomba akiwataka wasiingilie ushahidi. Sindano alipiga taratibu, akisikiliza, mpaka mlio ukawa mzito na beringi ikakaa. Akageuza gurudumu, akaingiza ya pili. Akalirudisha kwenye pikipiki, akapitisha ekseli, akakaza nati kwa uzito wake wote, kwa sababu ya mteremko. Kisha akalisukuma kwa kiganja. Likaenda robo mzunguko, likasimama.

Akasukuma tena. Robo.

— Vipya huwa hivyo, alisema Redio. Hata kiatu kipya kinabana.

— Limeshiba grisi, alisema Mzee Buli. Linapumzika.

— Linakuonea haya, Sindano, alisema Hakimu. Halijawahi kushikwa na fundi cherehani. Likifika barabarani litakunjua moyo.

Sindano alitaka sana kuwaamini. Alikuwa amechoka, mikono imemchubuka, na mkewe ndiye huyo anatoka uani na kofia yake ya pikipiki, mkoba begani.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, shemeji, walijibu, na Hakimu akagonga ubao ili kumkaribisha rasmi.

Mkunga akautazama mkono wa Hakimu.

— Hicho unachogongea umekipata wapi?

— Kimetoka kwenye gurudumu lako, shemeji.

— Mimi mama akijifungua, siondoki mpaka niwe na hakika na kila kilichotoka, alisema polepole. Hicho kilikuwa na kazi gani mle ndani?

Redio akajikuna shingo. Mzee Buli akapata ghafla haja ya kupanga vikombe.

— Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi... alianza Hakimu.

Wote wakamgeukia Sindano.

— Sijui, alisema Sindano.

Miaka yote ya benchi lile neno hilo halijawahi kutamkwa pale.

— Sijui, mke wangu. Na huipandi mpaka nijue.

Mkewe hakucheka safari hii. Akatundika kofia kwenye usukani, akamwambia yeye atatembea, na kwamba amejibiwa vizuri. Hakimu akainuka, akakiweka kibomba kwenye kiganja cha Sindano kwa mikono miwili, akaupokea mkoba wa mkunga bila kuulizwa, wakaondoka pamoja.

Sindano akavua futi aliyoivaa shingoni, akakipima kibomba, kisha akapima kwa nje kina cha kitovu kati ya beringi na beringi. Vipimo vikalingana kama mkono na mkono wa shati moja. Akashika spana akalegeza nati, nusu mzunguko tu, na gurudumu likaanza kwenda lenyewe kwa kuguswa na kidole. Kumbe kibomba ndicho kilichozitenga beringi zisibanwe na nati; bila hicho zingekwama mteremkoni.

Aliketi palepale kwenye gunia, kibomba mkononi, akamtazama mkewe akishuka mteremko kwa miguu yake miwili, hatua kwa hatua, mpaka akafika chini.