Mteja Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Kijiwe cha Bato kipo mtaa wa Kikuyu, Dodoma, ubavuni mwa kinyozi ambaye hufungua akijisikia. Ni benchi moja refu la mbao, mguu wake wa upande wa barabara umevunjika zamani na badala yake limewekwa tofali, kwa hiyo mmoja akinyanyuka bila taarifa wote mnajua. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa, juu ya jiko kuna birika la kahawa chungu, na nyuma ya birika yupo Bato mwenyewe, Batholomeo, Msandawe wa Chemba, na kashata zake kwenye sahani aliyoifunika vizuri, maana vumbi la Dodoma halibishi hodi. Wa kudumu pale ni Silvano, wanayemwita Hansadi, mstaafu aliyekuwa akiwapelekea chai wakubwa kwenye vikao vya Bunge na hadi leo huongea kana kwamba kuna mtu anamwandika. Kuna Thomas, wanamwita Zabibu, kwa sababu ana shamba la mizabibu na haachi kulitaja. Na kuna Elisha, mwanamume mwenye mke na ndevu zake, ambaye jina la Seva lilimkaa tangu kiangazi kianze, kwani hakuna neno jingine lililomtoka mdomoni.

Siku hiyo Elisha alikuwa na mambo mawili yaliyotaka jibu kabla ya jioni. Moja lilikuwa kwenye laptopu aliyoipakata. Jingine lilikuwa mkewe, Anyesi, muuguzi, aliyepata uhamisho wa kwenda Chemba. Kulikuwa na lori linalopanda huko tupu alfajiri kufuata alizeti, na dereva alikubali kuwabebea kitanda na kabati, mradi aambiwe leo. Asubuhi Anyesi alimuuliza mumewe swali fupi: tunakwenda wote, au nakwenda peke yangu? Elisha akamjibu asubiri kwanza amalize mambo ya seva. Anyesi alichukua mkoba wake akaenda kazini.

— Hebu tueleze tena, Zabibu alisema akipokea kikombe. Leo taratibu.

Elisha akaeleza, kwa mara ambayo mwenyewe hakumbuki ni ya ngapi. Kuna sarafu za mtandaoni, hazishikiki wala hazilii mfukoni. Mahali fulani duniani kuna kompyuta, seva, inayojua kila sarafu imetoka kwa nani ikaenda kwa nani. Yeye anaandika programu ya kwenda kuiuliza hiyo seva. Wataalamu huiita mteja. Mteja anaunganishwa, anajitambulisha, anauliza, anajibiwa. Kuna kampuni ya vijana hapa mjini imemwambia kwamba mteja wake akishinda ameunganishwa mpaka jioni bila kukatiwa, kazi ni yake. Tatizo ni kwamba mteja huuliza vizuri, anajibiwa vizuri, halafu ghafla anakatiwa.

— Inapokata inasema nini? Hansadi aliuliza.

— Haisemi. Inakata tu.

— Hata kwaheri?

— Hata kwaheri, mzee wangu.

Hansadi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyezoea vikao kuahirishwa kwa utaratibu.

Zabibu ndiye aliyefungua mjadala. Kwa maoni yake mteja hakusalimia. Elisha akamwambia anasalimia, tena ni sharti, usipojitambulisha kwanza seva haikupokei. Zabibu akataka kujua anasema nini hasa. Elisha akasema anataja jina lake na toleo lake.

— Hiyo siyo salamu, Zabibu alisema. Hayo ni maelezo ya kituo cha polisi. Salamu ni mbukwenyi ya Kigogo, halafu nyumbani, halafu ng'ombe, halafu mvua. Mtu anakuja kwako na shida ya pesa hajauliza hata ndama, wewe usingemkatia?

Hansadi alisema hoja ni nzuri ila haina mashiko. Yeye aliona sababu ni makao makuu ya nchi. Seva iko nje, ikiangalia swali linatokea wapi inaona Dodoma, na swali lolote linalotoka Dodoma huko nje hudhaniwa ni la serikali. Nani anataka kujibu maswali ya serikali? Akamshauri Elisha auandike upya mtandao wake ujifanye uko Morogoro, mahali ambapo watu huuliza mambo ya kawaida kama mchele.

Bato alikuwa akipuliza mkaa. Alipoinua kichwa alisema wenzake wanahangaika bure, kwa sababu hakuna seva. Kuna mama. Amekaa kwenye chumba cha baridi, amevaa sweta, anajibu maswali ya dunia nzima kwa mkono, na ikifika saa ya kula anakwenda kula. Zabibu akasema kama ni mama basi atakuwa na mtoto mchanga, ndiyo maana anakata bila kuaga. Hansadi akaongeza kwamba ni wazi yuko kwa mkataba na hajaongezewa. Kikombe cha pili kilipomiminwa yule mama alishapewa jina, Germana, na benchi zima lilimwonea huruma. Bato akamwambia Elisha aone haya, mtoto wa kiume mwenye nguvu kumsumbua Germana mchana kutwa.

Elisha alicheka, japo hakuwa na raha. Kila alipoiwasha programu aliuona ule mstari wa kwanza wa salamu ukipita, maswali yakifuata moja moja, kisha mstari mwekundu wa kukatiwa. Alifika mahali akaanza kuamini kwamba Germana yupo.

— Dawa yake iko kwetu, Bato aliendelea. Hiyo seva iletwe Chemba, iwekwe pale juu, ifundishwe Kisandawe. Mwizi akitaka kuiba sarafu aanze kwanza kujifunza kugonga ulimi. Mpaka aelewe, tumeshamwozesha. Na mtandao wetu siku hizi unashika mpaka machungani.

Elisha alisikia Chemba akainamia kioo. Bato alimtazama kidogo, kwa sababu dereva wa lori hunywa kahawa pale pale na si mtu wa siri.

— Kwani ninyi mnapanda kesho?

— Bado sijajua, Elisha alijibu. Kazi yangu si unaiona, iko hapa.

Ukweli aliujua. Alikuwa anaona aibu. Alishawasikia watu wa benchi hilo hilo wakimcheka mwanamume wa mtaa wa pili aliyemfuata mkewe kwenye uhamisho, wakamwita Mizigo, na jina likamfuata hadi huko. Seva ilipoanza kumsumbua aliikasirikia, lakini kuna kipande cha moyo kilichofurahi, kwa kuwa mtu akiwa na tatizo la seva haulizwi mengine.

Basi ndipo likatokea jambo ambalo hutokea pale kila siku, ila hakuna aliyewahi kuliangalia. Zabibu alimuuliza Bato kama mvua imefika Chemba. Bato alikuwa na kaa la moto kwenye koleo, hakujibu. Hansadi akaomba kashata. Mwanamke akapita na ndoo ya nyanya kichwani akauliza kama kinyozi yupo, mwanawe anataka kunyolewa. Zabibu, ambaye hajajibiwa lake, akamuuliza Hansadi habari za goti. Bato akatoa kashata. Hansadi akasema linakaza asubuhi tu. Bato akamwambia mwenye nyanya kinyozi kaenda msibani. Kisha akaweka koleo chini, akajifuta mikono, akasema:

— Ilinyesha, lakini ya kulaza vumbi tu.

Zabibu akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza nini kilinyesha. Hakuna aliyechanganya mvua na goti, wala kinyozi na kashata. Maswali yalikuwa yametupwa yote kwa pamoja, majibu yamerudi kila moja kwa wakati wake, na kila mtu amelipokea lake bila kugombana.

Elisha aliacha kunywa. Akaiangalia programu yake tangu juu. Chini ya kila swali alikuwa ameandika amri ile ile: subiri. Uliza, subiri. Uliza, subiri. Alikuwa amelelewa na bibi yake kule Buigiri, na kwa bibi huyo mtoto aliyeuliza la pili kabla ya kujibiwa la kwanza aliambiwa anywe maji alale. Alichoandika kilikuwa mjukuu wa bibi. Ndani yake kulikuwa na salamu ndogo ambayo mteja anapaswa kuituma kila baada ya muda, kuiambia seva bado nipo, lakini hata salamu hiyo ilipangwa foleni na maswali mengine. Likitangulia swali zito, lenye jibu la kuchukua muda, salamu ilikaa nyuma yake na mikono imefumbatwa. Seva kule iliona kimya. Ikaona huyu kashaondoka, ikafunga.

— Haikati kwa ubaya, alisema. Inadhani nimeondoka.

— Nani? Germana? Zabibu aliuliza.

Elisha aliwaambia wasimsemeshe. Aliifuta ile subiri kila mahali isipohitajika. Kila swali akalipa namba yake, liende bila kungoja mwenzake, na jibu likirudi liitwe kwa namba. Salamu akaitoa kwenye foleni, ikawa na njia yake peke yake, ipite hata kama kuna swali zito linaendelea. Benchi zima lilimwangalia kwa heshima, kama watu ambao hawaelewi lakini wanaona mtu anafanya kazi. Akaiwasha.

Maswali yakatoka kwa mkupuo. Majibu yakaanza kurudi, la tatu kabla ya la kwanza, la kwanza kabla ya la pili, kila moja likaingia mahali pake. Swali zito likachelewa, na wakati linachelewa salamu ikapita, ikaitikiwa. Muda ambao mteja hukatiwa ukafika, ukapita. Hansadi alisimama kupongeza kwa niaba ya kikao, benchi likayumba, Zabibu akamwaga kahawa kwenye suruali na hakununa. Walikaa hivyo wakiangalia salamu zinavyokwenda na kurudi hadi jua likaanza kushuka nyuma ya mlima. Bato aliwamiminia iliyobaki bila kuhesabu, na birika likaisha. Elisha aliwatumia wale vijana wa kampuni ujumbe, nao wakajibu kwamba wameona, kazi ni yake. Aliwasomea benchi zima, mara mbili.

Anyesi alikuja akiwa bado na sare ya kazini. Hakuwa mtu wa kufika kijiweni. Alisimama upande wa barabara.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama, waliitikia, na Bato akainamisha birika kuonyesha kwamba anasikitika, hakuna kitu.

— Imeshika, Elisha alimwambia. Tangu mchana haijakata. Wamenipa kazi.

Anyesi alifurahi kweli, ilionekana usoni, akamshika bega. Kisha akaangalia kile kioo, mistari yake inapanda taratibu.

— Hiyo seva yenyewe iko wapi?

— Ulaya, Hansadi alisema.

— Kwa Germana, Zabibu alisema.

— Hatujui, Elisha alisema. Inaweza kuwa popote.

— Na yenyewe inajua wewe uko Kikuyu?

— Haina haja ya kujua. Mradi niisalimie.

— Kwa hiyo ukiisalimia ukiwa Chemba, itakuwa na neno?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa. Hansadi aliinama kusugua goti lake. Zabibu aliona doa la kahawa kwenye suruali yake linahitaji kuangaliwa kwa makini. Bato, aliyekuwa na jibu la kila kitu kuanzia mvua hadi sweta la Germana, akaanza kupangusa vikombe vilivyokwisha kupanguswa. Kwenye kioo salamu ilikwenda, ikaitikiwa.

Elisha aliona aibu, na safari hii haikuwa ile ya kuitwa Mizigo. Mwanamke huyu alikuwa ametuma swali lake asubuhi, na siku nzima lilikaa nyuma ya foleni, mikono imefumbatwa.

Alifunika laptopu, akanyanyuka bila taarifa. Benchi likainamia upande mmoja, wazee wawili wakasogeleana bila kupenda.

— Ile spana ya kufungulia kitanda, alimuuliza mkewe, tuliiweka wapi?

— Iko mezani, Anyesi alisema. Niliitoa asubuhi.