Mongia Ayari na Ushuru wa Soko la Ain Lahjar

Ndugu, majirani na marafiki mliokusanyika nyumbani kwa mzee Hedi, familia imeomba myasikie kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu Mongia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Ain Lahjar, mtoto wa kwanza wa marehemu Bechir Gharsalli, akasoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari Siliana, kisha chuo cha ualimu Tunis, na kuanzia Oktoba 1983 hadi alipostaafu mwaka 2017 alifundisha hesabu watoto wa mji huu, wengi wenu mkiwemo. Tarehe 17 Agosti 1987 aliolewa na Hedi Ayari, wakajaliwa watoto wawili, Olfa na Nizar.

Mwaka 2018 aligombea udiwani, wakati manispaa haina fedha na takataka zimefika milangoni, na kila mgombea alipanda jukwaani kutuambia tufunge mkanda kwa ajili ya nchi. Zamu yake ilipofika, alisimama mbele ya mkahawa, akasema, "Wenzangu wamewaambia mfunge mkanda, wa kwao hawakuutaja. Mimi nikichaguliwa, gari la diwani tutaliuza, posho sitachukua, na ushuru wa meza sokoni utapanda. Tutaumia wote."

Mdogo wake Khemais, muuza matunda, akapaza sauti kutoka nyuma, "Dada, unaomba kura au unatangaza msiba?"

Watu walicheka, naye akacheka, kisha akamjibu, "Takataka ziko mlangoni kwako, Khemais. Nani azizoe bure?"

Alichaguliwa, gari likauzwa, ushuru ukapanda, na mwenzake mmoja barazani alipomnong'oneza, "Mama, Khemais tumsamehe ushuru, ni damu yako," alikataa, ingawa alijua biashara ya mdogo wake ilikuwa inachechemea. Khemais alifunga meza yake, akaenda kuwa kibarua mashambani, na kwa Idi nne hakukanyaga nyumba hii. Kila Idi marehemu alimwekea sahani, na jioni aliiondoa mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Tunis. Siku moja ya Januari Khemais aliingia wodini na mfuko wa machenza, akaketi, akaanza kumenya.

"Nimekuja," alisema, "lakini ushuru ule ulikuwa mkubwa."

"Ulikuwa mkubwa," marehemu alijibu. "Ulikuumiza wewe kuliko mimi, nami nililijua hilo. Nipe jingine."

Alikula machenza matatu, yeye ambaye kwa siku kadhaa alikuwa hali kitu, na tangu hapo Khemais hakutoka hospitalini hadi alfajiri ya tarehe 9 Februari 2023, dada yake alipokata roho akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, madiwani, majirani waliopika na kulaza wageni, na wafanyabiashara wa soko, ambao leo wamefunga meza zao bila kuombwa, wakiwemo walioapa kutomsalimia.

Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole, Mongia, upumzike.