Kilo Nne za Nta kwa Darasa la Vidole

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Afisa Elimu, shikamoo. Walimu na wazazi wenzetu, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Karibu Chumbageni. Tulikutarajia saa mbili asubuhi. Hatulalamiki, ila chai imepoa.

TULIKOANZIA

Sisi ni akina mama kumi na mmoja wenye watoto wasioona katika shule hii. Watoto wetu husoma kwa vidole, na mwalimu alitufundisha kuwatengenezea udongo wa mafuta: nta, mafuta ya mgando na unga wa udongo mkavu uliochekechwa. Udongo huo haukauki. Ofisi yako ilitushauri kwa barua tutumie matope, ni ya bure. Mheshimiwa, matope hukauka usiku mmoja, herufi ikapasuka, mtoto akabaki kusoma nyufa.

TULIYOYAPATA

Watoto wote kumi na tisa wa darasa hili wamezijua herufi zote na ramani ya Tanzania kwa kuipapasa. Mmoja wao, Idarusi, alifinyanga kuku wa miguu minne. Tulipomcheka akatujibu, "Kwani nyie mmemhesabu akiwa anakimbia?" Siku hiyo tulicheka hadi machozi.

YALIYOTUKUTA

Nta tulipewa na Mzee Uweso, mrina asali mwenye mizinga kwenye mikoko. Mikoko ikakatwa kupisha mabwawa ya chumvi, nyuki wakahama. Kwa wauza asali wengine tukapata nta yenye mchanga na majivu. Ndipo tukaanza kuokota vipande vya mishumaa makanisani, Waislamu na Wakristo, wote tukiinama pamoja.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo tunasema: hapo tulikosea. Nta ya nyuki tulikuwa tukiiyeyusha katika bakuli juu ya maji ya moto. Mishumaa tuliitia kwenye sufuria kavu, juu ya mkaa, kwa haraka ya kuwahi futari. Ikashika moto. Mwenzetu Kijakazi akafanya ambalo mpishi yeyote angefanya, akaumwagia maji. Jamani, moto ulimrukia mwili mzima. Alilazwa siku tisa, akafariki. Inatuuma, na tunajilaumu.

Tangu siku hiyo hatujayeyusha kitu. Udongo uliobaki ni donge moja. Kila somo likiisha, walichofinyanga watoto hukandwa upya kwa ajili ya somo la kesho. Wiki moja baada ya arobaini, Shadya, binti wa Kijakazi, mwenye miaka tisa, alilichukua donge lote akafinyanga uso wa mama yake. Ameweka hata kovu dogo chini ya unyusi wa kulia, ambalo sisi wenye macho, tuliokaa na Kijakazi miaka sita, hatukuwahi kuliona. Kila asubuhi huupapasa uso huo kwanza, ndipo aketi.

Mwalimu hajathubutu kuugusa. Hii ni wiki ya tatu, watoto kumi na wanane wanakaa mikono mitupu, na mtihani wao ni mwisho wa mwezi huu.

OMBI LETU

Tunaomba kilo nne za nta safi ya nyuki. Hatuombi jengo wala kupigwa picha. Barua tatu tumeshaleta ofisini kwako, na tunaamini zipo, hazijasomwa tu.

Shadya leo tumemwacha kwa bibi yake Usagara, asiyasikie haya. Nta isipofika hadi Jumatatu, uso huo utakandwa, maana hata hao kumi na wanane ni watoto wetu, nao wana haki ya kusoma. Tulipiga kura ya vikaratasi, nani aukande. Imeniangukia mimi ninayekusomea.

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akufikishe nyumbani salama, uwakute wanao wazima.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Vidole, Chumbageni.
Imesomwa na Sabiha Mudathir, Katibu.