Historia ya Ebenezer Matonya na Bahasha Zake za Siku ya Kwanza

Mchungaji wetu, ndugu kutoka Mlali na Buigiri, majirani na wafanyakazi wenzake, Mungu aliyetuamsha leo atupe nguvu ya kusikia maneno haya mpaka mwisho.

Ebenezer Matonya alizaliwa Mlali, wilaya ya Kongwa, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mzee Filipo na mama Anyesi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1966 hadi 1972, hakuendelea zaidi kwa kuwa nafasi zilikuwa chache na, tuseme ukweli mbele za Mungu, hesabu zilimshinda.

Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa serikalini hapa Dodoma, akawa karani wa masjala mpaka alipostaafu mwaka 2018, na katika kupeleka barua posta ndipo alipoanza kununua bahasha za siku ya kwanza, zile zenye picha, ambazo juu yake stempu mpya hugongwa mhuri siku ileile inapotolewa, akapenda zaidi zenye historia ya posta yenyewe, matarishi wa miguu na mabehewa ya barua, kwa sababu babu yake alibeba gunia la barua kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde. Vijana wa mtaani walimwita Mzee Bahasha, wakimuuliza hizo barua anamwandikia nani mbona hazitumi, naye akiwajibu kwamba wao wanaoandikiana kwa simu, wakifa, wajukuu wao wataona nini.

Alifunga ndoa takatifu na Evelina, Buigiri, tarehe 8 Agosti 1987, wakajaliwa Joel na Angelina, na Angelina, mwalimu wa historia, ndiye aliyeahidiwa bahasha zote.

Kuhusu ugonjwa, ndugu zetu, hatuna cha kusoma. Hakuugua. Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, alisali, akanywa uji, akaenda uani kuanika mtama, Evelina akamwita, akamwita tena akidhani anataniwa, kumbe mwenzake yuko chini, hospitali wakasema moyo umesimama, na mpaka sasa mama huyu anageuka kila mlango unapofunguliwa.

Hapo familia ina kosa la kukiri. Jana rambirambi zilipoanza kuletwa, Cecilia, mdogo wake Evelina, aliuliza bahasha ziko wapi, akajibiwa ziko kabatini, Evelina akimaanisha zile nyeupe za sadaka, akili haikuwepo, naye Cecilia, asiye na kosa, akatoa boksi la marehemu akawagawia waombolezaji lote watilie rambirambi zao. Leo asubuhi Evelina alipoona kapu limejaa picha za matarishi, zimelambwa gundi na kuandikwa majina kwa kalamu ya wino, alisema amemzika mume wake kabla jeneza halijafika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, majirani waliopika na kulala nasi, wenzake wa wizarani waliotoka Mtumba, mji wa serikali, na vijana waliochimba kaburi kwenye udongo huu mgumu.

Mwisho, wenye bahasha mifukoni na mikobani wasizikunje wala kuzichana, wazilete kama zilivyo. Angelina amezitazama, amelia, kisha amesema hatalifuta jina la mtu, ila anawaombeni, kila mmoja kwenye yake, chini ya jina aongeze tarehe ya leo, iwe kama mhuri wa posta.

Pumzika kwa amani, Ebenezer, mikononi mwa Bwana.