Shahidi wa Chuma wa Bi Nusaiba

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto wa jiko, vuteni kigoda, sogeeni karibu na redio. Alasiri hii tunamkumbuka Bi Nusaiba Kondo wa Toangoma, wilaya ya Temeke, aliyetutoka Jumatatu ya wiki iliyopita akiwa na umri wa miaka sitini na tatu. Alikuwa mjane wa fundi mwashi. Alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na tisa. Na alikuwa mwanamke pekee katika mtaa wake aliyemiliki mashine ya kutambua vyuma vilivyofukiwa ardhini.

Alikuwa pia na kisasi. Familia yake imetuomba tusikifiche. Binti yake, Salma, alituambia hivi: "Mkisema mama alikuwa mpole, mtakuwa mnamzungumzia mtu mwingine."

Basi tuanze na kiwanja. Miaka mingi nyuma, wapimaji walipofika Toangoma kupanda bikoni za mipaka, mume wake, marehemu Mudathir, aliamka mapema kuliko wao. Katika kona ya barabarani, mahali bikoni ilipotakiwa kusimama, alichimba shimo lenye kina cha mkono mzima. Chini kabisa alilaza kichwa cha sululu yake kuukuu, iliyokuwa imevunjika ncha. Juu yake wapimaji wakasimamisha bikoni ya zege. Jioni Mudathir akamwambia mkewe, na hakumwambia mtu mwingine: "Bikoni inaonekana, kwa hiyo inaweza kuhamishwa. Huyu wa chini ndiye shahidi wetu."

Shahidi. Lishikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa.

Mudathir alifariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Bi Nusaiba akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi alikaa ndani, kama mila na dini yake zilivyomtaka. Akiwa ndani alisikia greda likisawazisha barabara. Alisikia mchanga ukimwagwa, koleo zikigonga, matofali yakipangwa. Jirani yake, Mwinjuma, rafiki wa mumewe wa miaka ishirini, alikuwa anajenga ukuta. Bi Nusaiba alimwombea heri. Alimwambia Salma: "Shemeji yangu anajenga. Mungu amwezeshe."

Siku alipotoka eda, alifungua mlango wa jikoni na kutembea kuelekea kwenye kamba ya nguo, iliyokuwa mpakani. Hatua zile alizijua. Alizitembea kila siku akiwa na beseni kiunoni. Zilikuwa kumi na saba. Siku hiyo zilikuwa kumi. Mahali pa hatua ya kumi na moja palikuwa na ukuta.

Hatua saba zilikuwa zimekwenda. Bikoni ilikuwa imesimama mahali papya, imenyooka, imefutwa vumbi. Na greda lilikuwa limefuta kila alama ya mahali pa zamani.

Alikwenda kwa wazee wa mtaa. Ramani ya kiwanja ilikuwa imeliwa na mchwa ndani ya sanduku. Mwinjuma alileta watu watatu, wakasema bikoni haijawahi kusogea. Kisha akamgeukia mjane kwa sauti ya huruma.

"Shemeji, msiba umekuchanganya. Hatua za mjane si futi za mpimaji."

"Shahidi ninaye," akajibu Bi Nusaiba. "Yuko chini ya ardhi."

Mzee mmoja aliinamisha kichwa, akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu." Walidhani anamsema Mudathir. Hakuwasahihisha. Alipewa karatasi ya mahudhurio, akatia dole gumba kwenye maneno asiyoweza kuyasoma. Wino ule ulikaa kidoleni siku mbili. Siku ya tatu alijiandikisha katika darasa la kisomo cha watu wazima, katika shule ya msingi iliyo jirani.

Salma anakumbuka alivyorudi na daftari lake la kwanza. "Nilimwuliza, mama, unataka kusoma nini? Akasema, nataka kusoma kila kitu ambacho Mwinjuma anadhani siwezi kukisoma."

Mwaka uliofuata, pale Mbagala Rangi Tatu, alikutana na kijana aitwaye Gibson, aliyekuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita akiwa na afya mbovu na mashine nzuri. Bi Nusaiba alimpa cherehani yake, naye akapewa mashine. Ilikuwa na mpini mrefu, sahani ya duara chini, na kioo kidogo cha namba juu.

"Mama, shikamoo. Unatafuta dhahabu?"

"Marahaba. Natafuta kilichofukiwa."

"Basi usisumbuliwe na misumari. Chuma ni takataka tu. Nimekuzimia chuma chote, hutakisikia kabisa."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mnaona, wasikilizaji wapendwa? Alitafuta chuma. Alipewa mashine iliyofungwa isisikie chuma. Na akashukuru. Kwa kuwa aliificha siri yake kwa kila mtu, hapakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Akaanza kujifunza. Salma alifukia vitu uani, mama akapita na mashine na kubashiri kabla ya kuchimba. Kila sauti aliipa maelezo katika daftari. Kizibo cha soda, aliandika, kinapiga chafya, na namba zake hazitulii. Kijiko cha aluminiamu kinabisha hodi kwa adabu. Bangili ya fedha inaita kwa sauti nyembamba, namba themanini na mbili, na haibadiliki ukiizunguka upande wowote. Ufunguo wa shaba ni binamu wa bangili, ila sauti yake ni fupi.

Siku moja Salma alifukia nyundo. Mashine ikapita juu yake, kimya. Ikarudi, kimya.

"Mama, nyundo yote hii haioni?"

"Inaiona. Inaidharau. Gibson alisema ni takataka. Ninachotafuta mimi si takataka."

Alipojiona amefuzu, akahamia barabarani. Hapo zamani kamba ya nguo ilikuwa inaishia karibu na kona, kwa hiyo alijua eneo, ingawa hakujua nukta. Eneo lenyewe sasa lilikuwa mbele ya nyumba ya Mwinjuma, na Mwinjuma alikuwa ameweka hapo benchi la kunywea kahawa na wenzake. Kila baada ya sala ya alasiri Bi Nusaiba alifika na mashine na kijembe. Kila siku wanaume wa benchi walipata burudani.

"Shemeji," Mwinjuma alimwita, "ukipata rupia alizofukia Mjerumani tunagawana nusu kwa nusu. Hapa ni kwangu."

"Kama ni kwako, niruhusu kuchimba."

"Chimba. Chimba mpaka utokee Kigamboni."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema mbele ya watu. Nyie si mmesikia?"

Walicheka wote. Bi Nusaiba alirudi nyumbani na kuyaandika maneno hayo katika daftari, pamoja na tarehe na majina ya waliocheka. Daftari hilo tumeliona. Mwandiko ni mkubwa, umekandamizwa hadi ukurasa wa pili.

Alitafuta kwa miezi mitatu. Alitoa vizibo vya soda visivyohesabika, funguo nne, hereni moja ya dhahabu bandia. Shahidi hakutokea. Kwa mara ya kwanza akaanza kumtilia shaka marehemu mume wake. Alimwambia Salma, "Labda baba yako aliniambia ili nilale usingizi."

Kilichomwokoa ni kazi ya nyumbani. Mwalimu wake, Mwalimu Apolonia, aliwaagiza wanafunzi waje na neno moja kutoka majumbani mwao ambalo limewashinda. Mwenzake mmoja alileta neno la kwenye chupa ya dawa. Bi Nusaiba alinakili neno la herufi nne lililokuwa kwenye kioo cha mashine yake, pamoja na mstari mdogo uliolikata katikati.

Mwalimu Apolonia alilitazama. "Mama Salma, hiki ni Kiingereza. Maana yake ni chuma."

"Na huo mstari?"

"Mstari unamaanisha kimefungwa. Kifaa chako kimeambiwa kisisikie chuma."

Mwalimu anasema mwanafunzi wake aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, mstari unafutwaje?" Akaileta mashine darasani, wakajaribu pamoja kitufe kimoja baada ya kingine, hadi mstari ukatoweka. Papo hapo mashine ikaanza kunguruma kwa sababu ya miguu ya madawati.

Akarudi uani, akaanza upya. Sasa chuma kilikuwa kila mahali, nacho kina lugha yake. Msumari, aliandika, unakohoa mara moja. Ukiinua sahani hadi kifundo cha mguu, hausikiki tena. Chuma kikubwa kinaguna. Kinaanza kuguna kabla hujakifikia na kinaendelea baada ya kukipita. Ukiinua sahani hadi gotini, bado kinaguna. Chini ya sentensi hiyo alipiga mistari miwili.

Siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, alifika barabarani. Mashine ilikohoa, ikakohoa, ikakohoa. Kisha ikaguna. Bi Nusaiba aliinua sahani hadi gotini. Bado iliguna. Akafuata mguno hatua kwa hatua, mpaka miguu ya wanaume ikamzuia. Mguno ulikuwa chini ya benchi. Mwinjuma alikuwa amemkalia shahidi miezi yote mitatu.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alizima mashine. Alikwenda kumwita mwenyekiti wa mtaa na wale wazee, akawaomba waje kushuhudia kitu. Walipokusanyika, alimwambia Mwinjuma kwa upole:

"Shemeji, hapo chini pana kitu kikubwa. Mie mgongo hauniruhusu. Chimba wewe."

Mwinjuma alisogeza benchi mwenyewe. Alivua kanzu, akabaki na fulana. Alichimba kwa bidii ambayo mkewe, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kuiona. Kwanza alikuta mabonge ya zege la zamani. Akayatupa pembeni bila kuyatazama. Jembe likagonga chuma. Akapiga magoti, akaingiza mkono hadi begani, akautoa.

Ulikuwa umeshika kichwa cha sululu, kimeliwa na kutu, kimevunjika ncha.

"Rupia ziko wapi?" akauliza.

"Nimesema kitu kikubwa. Rupia umezisema wewe." Kisha akawageukia wazee. "Niliwaambia shahidi ninaye. Ndiye huyo. Mume wangu alimlaza chini ya bikoni kabla zege halijasimama. Mwulizeni Mwinjuma nani alimvunja ncha."

Hakuna aliyehitaji kuuliza. Miaka ishirini iliyopita Mwinjuma aliiazima sululu hiyo kuchimba shimo la choo chake, akaivunja kwenye jiwe, na akaja kuomba radhi mbele ya nusu ya mtaa. Mzee yuleyule aliyemwombea Mudathir rehema ndiye aliyesema: "Mwinjuma, unaitambua?" Mwinjuma aliigeuza mkononi. Akasema, kwa sauti ndogo, "Naitambua."

Mpimaji aliitwa. Vipimo vyake vilikubaliana na shimo. Ikaamriwa ukuta uondolewe, na Bi Nusaiba akaulizwa kama ana ombi. Alikuwa nalo moja: Mwinjuma aubomoe kwa mikono yake, mchana, bila kibarua.

Kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja. Kwa siku kumi na moja Bi Nusaiba aliketi kwenye mlango wa jikoni na kahawa yake na kashata. Majirani walimsihi. "Mama Salma, msamehe mwenzio, jua kali." Akawajibu, "Nitamfikiria tofali la mwisho likishuka." Tofali la mwisho lilishuka. Wakamtazama. Akapuliza kahawa yake, akasema, "Bado msingi."

Salma anatuambia kwamba neno la msamaha halikuwahi kutoka kinywani mwa mama yake. Walisalimiana barabarani kama watu wazima, basi. Kamba ya nguo ilirudishwa hatua ya kumi na saba.

Alipougua mwaka huu, aliomba daftari. Ukurasa wa mwisho aliuandika mwenyewe, akiwa amelala ubavu. Uliagiza mashine apewe Mwalimu Apolonia kwa ajili ya darasa. Uliagiza sululu irudishwe ilipotoka. Na mstari wa tatu ulisema: "Mwinjuma akija msibani, asikae mkekani. Apewe kiti, kiwekwe kwenye hatua zangu saba."

Mwinjuma alikuja. Salma alimtolea kiti, akakiweka katikati ya ardhi ile, akamkaribisha kwa heshima zote. Mwinjuma alitazama kiti, akatazama chini. Akaketi. Aliketi hapo tangu asubuhi hadi dua ya mwisho, na hakuna mtu aliyelazimika kumweleza kwa nini.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki tunampa pole Salma, tunampa pole Mwalimu Apolonia na darasa zima, na ndugu na majirani wote wa Toangoma. Tunampa pole pia Mwinjuma, kwa kuwa amefiwa na jirani. Mwenyezi Mungu amlaze Bi Nusaiba mahali pema peponi.

Nawe unayetusikiliza, uliyesogeza mpaka wa mtu wakati amefungwa na msiba wake, ukaridhika kwa kuwa hajui kusoma: leo, kabla hujaketi, tazama chini ya benchi lako.