Nilichomwambia Jaji Kuhusu Neema

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana aliyenipa nguvu ya kusimama hapa. Mnanijua, mimi ni Mama Neema wa Euless, mji wetu huu wa ugenini, nafanya usafi uwanja wa ndege. Leo nina toba kwanza, kisha shukrani.

Mume wangu tulimzika pamoja. Alipokuwa mgonjwa niliwaambia ana presha. Haikuwa presha. Alikuwa akisikia sauti, miaka sita. Kila alipotoka hospitali aliacha dawa, nami nikanyamaza, maana kwetu ugonjwa wa akili hausemwi nje ya nyumba. Mkaja kwangu mkaombea presha, nikaitikia amina. Mchana mmoja akaingia barabara kuu kwa miguu, gari likamgonga.

Mwaka jana sauti zikamjia Neema, binti yangu wa pekee, aliyekuwa akisoma chuo. Alilazwa. Madaktari wakaomba mahakama iamuru aendelee na matibabu akiwa nyumbani: kliniki kila wiki, sindano kila mwezi, na kurudi kwa jaji aonekane anaendeleaje. Neema alikataa. Jaji akataka kunisikia mimi ninayeishi naye.

Asubuhi ile shemeji yangu alipiga simu. "Mama Neema, sema ni mawazo ya chuo tu. Unataka mtoto wetu aandikwe kichaa serikalini? Nani atamuoa?"

"Shemeji, kaka yako tulimficha hivyohivyo."

Akakata simu.

Niliposimama mahakamani Neema alinitazama. "Mama, no. Waambie niko okei."

Nikaomba kimyakimya, kisha nikasema yote: kwamba alikaa siku nne bila kula, kwamba vidonge alivificha kwenye soksi, na baba yake alivyokufa. Jaji akatoa amri.

Neema hakunisemesha miezi miwili. Nilipika, akala, akaondoka mezani. Lakini kliniki alikwenda, na sindano ikaanza kufanya kazi.

Mwezi uliopita amri iliisha. Hakuna wa kumlazimisha tena. Sikulala vizuri juma lile. Jumanne nikamkuta mlangoni, viatu ameshavaa.

"Mama, twende kliniki. Utanichelewesha."

Sauti bado humjia, sitawadanganya tena. Lakini yu hai, na haya nayasema kwa ruhusa yake. Namshukuru Mungu. Nawe mwenye mgonjwa uliyemfungia ndani, mwamini Bwana, kisha mtaje mgonjwa wako. Ukiogopa kwenda mahakamani peke yako, nitakaa nawe kwenye benchi.