Jerusha Kageha na Kipepeo Aliyemfuta Vumbi

Dada yetu Jerusha Kageha, tunayemsindikiza leo, alizaliwa hapa Chavakali, Vihiga, tarehe 9 Mei 1980, kifungua mimba wa Mzee Japheth na Mama Sellah. Alisoma hapa hapa hadi darasa la nane. Walimu walimpenda, ila maswali yake yaliwachosha, na sisi wadogo zake yalituchosha zaidi.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu Elphas. Mungu akawajalia Zipporah na Titus.

Machi 2013 alikwenda Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kufanya kazi za nyumbani kwa Madam Huda, mwalimu wa baiolojia ambaye wazazi wake walitoka Zanzibar. Jerusha hakuvumilia vumbi. Siku moja alikuta dirishani kipepeo mdogo wa kahawia amekufa, mnene wa mwili, ncha za papasi zake za kichwani zimepinda kama ndoana. Alimfananisha na wale wa kwenye majani ya ng'ombe huku nyumbani, akafurahi kama aliyekutana na jirani. Akampangusa vizuri, akampelekea madam amthibitishie.

"Umemfanya nini, Jerusha?"

"Nimemtoa vumbi, madam."

"Lahaula! Hilo vumbi ndo rangi yake! Alama zote umezifuta, sasa n'tamjuaje?"

Walicheka, lakini swali lilimkaa moyoni: ni wa kwetu au si wa kwetu? Upweke ulimsumbua sana, na alitamani hata mdudu mmoja wa kwao awe naye kule. Familia ilipohamia Jeddah mwaka 2016, alimpata mwingine aliye hai kwenye nyasi za bustani, akamngoja hadi akafungua mabawa. Bawa la mbele lilikuwa na mstari mweupe wa mshazari. Madam akamweleza kuwa huo ni wa dume, jike hana. Jerusha akampigia Elphas amtafute wa huku, aone kama naye ana mstari. Picha zote alizotuma shemeji zilikuwa za majani matupu.

Saratani ya ini ilimrudisha nyumbani Agosti 2018. Tulimtandikia mkeka kando ya majani ya ng'ombe, naye akawachunguza vipepeo mmoja mmoja. Hata wale wawili aliowakuta wakioana, Mungu atusamehe, hakuna aliyekuwa na mstari, na hapo lazima mmoja alikuwa dume.

"Zacharia," akaniambia, "mpigie madam, mwambie si yeye. Kumbe yule ni mwenyeji wa kule. Mgeni nilikuwa mimi tu."

Akacheka hadi akakohoa. Mimi nilishindwa kucheka.

Alituacha tarehe 3 Novemba asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mume wake Elphas, watoto wawili, wazazi wetu, nami mdogo wake pamoja na dada yetu Selipher.

Jerusha, uko kwenu sasa. Bwana akupumzishe kwa amani.